Isaac Zane, mtoto wa Marafiki aliyesubu mizinga

SWALI: Mwalimu, nimelelewa katika Kanisa la Marafiki huku Vihiga, na sasa nafundisha watoto shule ya Jumapili. Binti yangu aliye chuoni ameniletea habari za Isaac Zane, Mquaker, yaani Rafiki, wa Virginia huko Amerika enzi za ukoloni wa Waingereza, mwenye ardhi tele na kiwanda cha chuma. Anasema mtu huyo alimiliki watumwa na akatengeneza mizinga ya vita. Sisi tulifundishwa kwamba Rafiki hashiki silaha wala hamfanyi binadamu mwenzake mali. Je, alikuwa Rafiki kweli au wa jina tu? Alifikaje huko, na wenzake walimchukuliaje? Na je, Marafiki wa namna hiyo ndio waliotuletea injili Kaimosi?

JIBU: Mama, asante kwa kuuliza, na umshukuru binti kwa niaba yangu. Nimefundisha historia ya viwanda kwa miaka mingi, na habari za Zane hunirudia kila mara, maana mimi mwenyewe ni mjukuu wa mhunzi wa Samia. Babu alifua majembe kwa mvukuto wa ngozi ya mbuzi, na jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba moto wa chuma hauachwi katikati. Ukishauwasha, unautumikia. Neno hilo nililikumbuka sana nilipoanza kumsoma Zane.

Alikuwa Rafiki kweli, kwa kuzaliwa na kwa malezi. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1743, na baba yake, aliyeitwa pia Isaac Zane, alikuwa seremala aliyeheshimika kati ya Marafiki wa mji ule. Mwaka 1758, wakati Waingereza na Wafaransa wakipigana vita vikali huko Amerika, mzee huyo alifunga safari na mafundi wenzake hadi bonde la Wyoming, mbali ndani ya Pennsylvania, kwenda kuwajengea nyumba wenyeji wa asili wa Amerika, wa kabila la Delaware. Marafiki waliamini kwamba njia ya kumaliza vita na wenyeji ni kuwatendea haki, na yeye alikwenda na msumeno wake kulithibitisha hilo. Kijana Isaac alikuwa na miaka 15 hivi. Ndiyo nyumba aliyotoka, mama. Hakulelewa na watu wa mdomo tu.

Dada yake Hannah aliolewa mwaka 1766 na John Pemberton, wa ukoo wa Pemberton, ambao kati ya Marafiki wa Philadelphia hakukuwa na jina zito kuliko lao. Ushike undugu huo, nitaurudia.

Mwaka 1767, akiwa na miaka 24, Zane aliingia ubia wa kiwanda cha chuma kando ya kijito cha Cedar Creek, wilaya ya Frederick, kaskazini mwa Virginia, karibu na mji mdogo wa Winchester. Mahali hapo paliitwa Marlboro. Haukupita muda akawa mmiliki pekee. Philadelphia ilibaki nyuma yake kwa mwendo wa siku nyingi za gari la farasi, na pamoja nayo mkutano, yaani ushirika wa Marafiki, uliomjua, wazee waliomwona kila wiki na baba mwenyewe. Kulikuwa na Marafiki hata huko mpakani, mkutano wa Hopewell ulikuwapo tangu miaka ya 1730, lakini bwana wa tanuru kubwa katika nchi mpya ni mtu ambaye wengi wanamhitaji na wachache wanathubutu kumkemea.

Sasa nivumilie nikueleze tanuru, maana usipolijua tanuru la wakati ule hutamwelewa mwenye tanuru.

Fikiria mnara wa mawe wenye umbo la piramidi iliyokatwa kichwa, urefu wake kama nyumba ya ghorofa mbili au tatu, umejengwa ukiegemea kilima ili watu waweze kuvuka daraja fupi na kumwaga mizigo kwa juu. Wanamwaga vikapu vya mkaa, kisha mawe ya chuma, kisha mawe ya chokaa, halafu mkaa tena, usiku na mchana. Chini kijito kinazungusha gurudumu, gurudumu linasukuma mivukuto mikubwa, na mivukuto inapuliza ndani ya moto bila kupumzika. Mtu aliyeishi karibu aliusikia mpumuo ule kama mnyama aliyelala. Mkaa unayeyusha mawe na kuyanyang'anya chuma. Chokaa inashikana na uchafu, unaelea juu kama ute wa kioo, na hayo ndiyo mavi ya chuma, yanayotolewa kwanza. Kisha, kama mara mbili kwa siku, msubu mkuu anakuja na mtaimbo. Mbele ya tanuru wameshalaza mchanga wenye unyevu na kuuchimba mtaro mmoja mkubwa wenye vijitaro vingi ubavuni. Anagonga kizibo cha udongo mpaka kipasuke, na chuma kinatoka cheupe kwa joto, kinatembea kama uji, kinajaza mtaro na vijitaro. Waingereza walipoutazama mfano ule waliona nguruwe jike amelala na watoto wananyonya, na mpaka leo katika lugha yao chuma hicho ghafi kinaitwa chuma cha nguruwe.

Chuma hicho kinaweza kusubiwa moja kwa moja kwenye kalibu kikawa sufuria, jiko, uzito wa mizani. Kina ugumu lakini huvunjika. Ukitaka chuma cha kufua, cha jembe, kiatu cha farasi au nondo, inabidi ukipashe tena na kukipiga kwa nyundo kubwa inayoendeshwa na maji mpaka kilegee tabia. Marlboro walifanya yote mawili. Thomas Jefferson, katika maelezo yake ya jimbo la Virginia aliyoyaandika mwanzoni mwa miaka ya 1780, anakitaja kiwanda cha Zane kuwa kilitoa takriban tani 600 za chuma ghafi na tani 150 za nondo kwa mwaka. Anasifu pia ubora wake. Anasema chuma cha Zane, pamoja na cha mwenzake aitwaye Ross, kilikuwa kigumu kuvunjika ajabu: sufuria zilisubiwa nyembamba kuliko kawaida na bado ziliweza kutupwa garini na kushushwa kwa kutupwa bila kupasuka, na makarai ya kuchemshia chumvi, yakishachakaa, hayakuweza kuvunjwa ili yayeyushwe upya mpaka kwanza yatobolewe matundu mengi.

Nakiri nalipenda sana jambo hilo la makarai. Babu angelielewa.

Lakini uangalie tanuru linadai nini. Linadai mkaa, na mkaa ni miti. Matanuru ya aina hiyo yalikula karibu ekari moja ya msitu kwa kila siku ya kazi. Wewe unaijua biri ya mkaa, umeona magogo yakipangwa, yakafunikwa majani na udongo, yakaachwa yavukute. Kule walipanga marundo makubwa kuliko tunayoyazoea, na wachoma mkaa walilala kando ya rundo kwenye vibanda vya matawi hadi wiki mbili, wakipanda juu yake kuziba kila mwanya, kwa sababu mwali ukipata hewa kazi yote inakuwa jivu. Zidisha ekari hiyo kwa miezi ya msimu mzima, halafu kwa miaka ambayo msitu unahitaji ili uote tena. Hapo unaona kwa nini mwenye tanuru lazima awe mwenye ardhi. Zane hakununua maelfu ya ekari kwa ajili ya fahari pekee. Tanuru lilimtuma. Na ardhi ile ilitoka mikononi mwa nani? Bonde lote lile lilikuwa sehemu ya milki ya Lord Fairfax, zaidi ya ekari milioni 5 ambazo mfalme wa Uingereza aliwagawia watu wake bila kuwauliza wenyeji waliowinda na kupita humo kwa vizazi. Baba aliwajengea wenyeji nyumba. Mwana alichoma misitu yao ya zamani kuwa mkaa. Sisemi hivyo kumhukumu kwa wepesi, ila umbali kati ya baba na mwana unaanzia hapo, kabla ya mtumwa na kabla ya mzinga.

Baada ya ardhi, tanuru linadai mikono. Wakata miti, wachoma mkaa, wachimba mawe, waendesha magari, wajazaji, wasubu, wafuaji, na wakulima wa kuwalisha wote hao, pamoja na farasi wao. Katika nchi ambayo ardhi ilikuwa tele, mtu huru hakupenda kufanya kazi ya moto kwa mwingine akiwa anaweza kulima kwake. Wenye matanuru wakajaza pengo kwa watumishi wa mkataba kutoka Ulaya, waliouza miaka yao ili walipiwe nauli ya meli, na kwa Waafrika watumwa. Zane alitumia watu huru, na aliwamiliki watumwa pia.

Hapa, mama, nataka niwe mkweli kwako kama mwalimu wa watoto. Zane hakuwa Rafiki wa kwanza wa aina hiyo. Miaka karibu mia moja kabla yake alikuwapo Kanali Lewis Morris, tajiri wa Barbados aliyejiunga na Marafiki. George Fox mwenyewe, mwanzilishi wetu, alipokwenda Barbados mwaka 1671 alikuwa pamoja naye. Morris alihamia Amerika, akapata ardhi kubwa huko New Jersey, akaendesha kiwanda cha chuma mahali panapoitwa Tinton, na kazi ikafanywa na makumi ya Waafrika watumwa. Alifariki mwaka 1691 akiwa bado Rafiki. Ukisikia mtu akisema Marafiki walipinga utumwa tangu mwanzo, hajasoma. Walijifunza, na walijifunza polepole mno, na waliolipa gharama ya kukawia huko ni babu zetu.

Mwaka 1688 wanaume wanne wa Germantown, karibu na Philadelphia, waliandika waraka wa kupinga utumwa na kuupeleka mkutanoni. Wakubwa waliona jambo hilo ni zito, wakalisukuma juu kutoka mkutano hadi mkutano, likafa kimya. Ilichukua miaka 70 mpaka Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia, mwaka 1758, ukaamua kwamba wanunuzi na wauzaji wa watu wasipewe nafasi katika kazi za kanisa, na ukatuma wazee wawatembelee wenye watumwa nyumbani kwao. John Woolman, fundi cherehani wa New Jersey, alizunguka kwa miguu na kwa farasi akikaa na wenye watumwa mezani mwao na kuwaambia kwa upole kwamba wanakosea. Virginia alikwishafika mara mbili kabla Zane hajahamia huko. Mwaka 1776 mkutano ule ule wa Philadelphia ukakata shauri: Rafiki asiyewaachia huru watumwa wake atatengwa.

Huko Virginia kulikuwa na kikwazo cha sheria. Tangu 1723 mwenye mtumwa hakuruhusiwa kumwachia huru bila kibali cha gavana na baraza lake, na hali hiyo ilidumu hadi sheria mpya ya 1782. Wapo Marafiki wa Virginia waliohangaika kweli na kikwazo hicho. Wapo pia waliojificha nyuma yake. Kwa Zane naona jambo la tatu, nalo ni kwamba tayari alikuwa ameacha kuuliza mkutano unasema nini. Maisha yake ya nyumbani yanaonyesha hivyo. Aliishi na Betsy McFarland bila kufunga ndoa, akazaa naye mtoto wa kiume, na hakulifanya siri. Mgeni aliyepita Marlboro mwaka 1775, mhubiri kijana Philip Fithian, aliliandika hilo katika shajara yake, pamoja na ukarimu wa mwenyeji wake na joto lake la kisiasa.

Siasa ndiyo iliyoleta mizinga, nayo siasa ilipitia tanurini vilevile. Mwaka 1750 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Chuma. Makoloni yaliruhusiwa kupeleka Uingereza chuma ghafi na nondo bila ushuru, lakini yalikatazwa kujenga vinu vipya vya kuchania chuma, karakana mpya za kukifanya mabamba, na matanuru mapya ya chuma cha pua. Maana yake sisi tunaielewa bila kufafanuliwa: leta mali ghafi, ukanunue kwetu kilichotengenezwa. Sheria hiyo haikutekelezwa kwa ukali, hata hivyo kila mwenye tanuru alijua London inamtaka awe nani. Zane alichaguliwa kuiwakilisha wilaya ya Frederick katika baraza la koloni mwaka 1773, akaingia pia katika mikutano ya mapinduzi ya Virginia iliyofuata. Vita vya makoloni kujitenga na Uingereza vilipoanza mwaka 1775, Virginia ilikuwa na watu wa kupigana na haikuwa na chuma cha kupigania. Zane alikuwa nacho.

Hapa ndipo nilipotaka ufike nami. Kusubu mzinga hakukuhitaji kiwanda kipya. Chuma ni kile kile, mchanga ni ule ule, moto hauzimwi, na mikono inayojua kutengeneza kalibu ya karai inaweza kujifunza kalibu ya mzinga. Tanuru lililomimina sufuria Jumatatu lingeweza kumimina tufe za mizinga Alhamisi. Tena mnunuzi ni serikali yako mwenyewe, na unaamini vita ni vya haki. Rafiki mwenye duka la vitambaa au shamba la ngano aliweza kukaa pembeni, ingawa kwa shida. Mwenye tanuru aliulizwa swali hilo kila siku, na kunyamaza kwake kungekuwa jibu. Zane alijibu kwa mizinga, kwa tufe zake, na kwa makarai ya chumvi ambayo jeshi na raia waliyahitaji mno baada ya meli za Uingereza kukata njia ya chumvi ya kununua.

Marafiki tangu tamko lao la 1660 kwa mfalme Charles II wamekataa vita vyote, vya haki na visivyo vya haki, na mwenye kutengeneza silaha ni mshiriki kama anayezibeba. Mkutano haukuwa na mzaha. Nathanael Greene wa Rhode Island, mtoto wa Marafiki na mfuaji wa nanga katika kiwanda cha familia, aliondolewa kwenye uangalizi wa mkutano wake mwaka 1773, miaka miwili kabla risasi ya kwanza haijalia. Baadaye akawa jenerali mkubwa wa George Washington. Wakati wa vita mamia ya Marafiki walitengwa kwa kushika silaha, kulipa kodi za vita au kula kiapo. Baadhi yao, mwaka 1781, waliunda mkutano wao wenyewe mjini Philadelphia wakajiita Marafiki Huru, na Betsy Ross, yule mshonaji ambaye Wamarekani humhusisha na bendera yao ya kwanza, alikaa nao. Hiyo ndiyo kanuni. Sasa niurudie ule undugu.

Septemba 1777 jeshi la Uingereza lilikuwa likiikaribia Philadelphia. Wakuu wa mapinduzi waliwashuku Marafiki, ambao hawakutaka kuapa utii wala kutoa ahadi yoyote kwa serikali mpya, kwamba ni vibaraka wa adui. Wanaume wapatao 20, wengi wao Marafiki, walikamatwa, wakanyimwa kesi mahakamani, wakapakiwa magarini na kupelekwa uhamishoni. Kati yao walikuwamo ndugu watatu, Israel, James na John Pemberton. Walipelekwa wapi? Winchester, Virginia, mwendo wa asubuhi moja kwa farasi kutoka Marlboro.

Hebu uione hali hiyo. John Pemberton, mume wa Hannah Zane, amefungwa kwa sababu hataki kuunga mkono vita. Shemeji yake, umbali wa kilomita chache, ndiye anayeisubia vita hiyo mizinga. Watu wa Winchester waliwachukia wageni hao, walitaka waondolewe mjini. Aliyesimama kuwatetea mbele ya wenye mamlaka wa wilaya ni Isaac Zane, mbunge, mwanamapinduzi, bwana wa tanuru, mtu ambaye hakuna aliyeweza kumshuku kuwa kibaraka wa mfalme. Mizinga ile iliyomtenga na imani ya baba yake ndiyo iliyompa sauti ya kuwasaidia Marafiki wale. Mimi nimelitafakari jambo hili kwa miaka na sijapata namna ya kulifanya liwe rahisi. Nakuomba usilirahisishe unapomweleza binti.

Kulikuwa na mwingine katika kundi lile anayestahili kuwekwa kando ya Zane. Henry Drinker, mfanyabiashara wa Philadelphia, Rafiki, mwenye ardhi, naye alikuwa na hisa katika kiwanda cha chuma cha Atsion, New Jersey. Kwa kazi walikuwa ndugu. Lakini Drinker hakutoa ile ahadi aliyotakiwa kuitoa, akakaa uhamishoni majira yote ya baridi. Wafungwa wawili, Thomas Gilpin na John Hunt, walifia huko mwezi Machi 1778. Aprili, wanawake wanne wa familia za wafungwa, mke wa Drinker aitwaye Elizabeth akiwa mmoja wao, walipanda gari wakaenda kumwona Washington mwenyewe kambini Valley Forge. Aliwapokea, wakala naye chakula cha mchana, akawapa hati ya kupita. Nyumba waliyopokelewa ilikuwa ya Isaac Potts, wa ukoo mwingine wa Marafiki wenye viwanda vya chuma, na kiwanda ambacho mahali pale palipata jina kutokana nacho kilikuwa kimechomwa na Waingereza Septemba iliyotangulia. Kabla Aprili haijaisha wafungwa walikuwa njiani kurudi makwao. Kila ulipogeuka katika habari hii, mama, kulikuwa na Rafiki na kulikuwa na tanuru.

Kuhusu Zane baada ya hapo sitakuchosha. Mwaka 1778 alinunua maktaba ya William Byrd wa Westover, mojawapo ya maktaba kubwa kuliko zote katika makoloni, zaidi ya vitabu 3,000, kutoka kwa mjane wa mwana wa mzee Byrd. Akaisafirisha Philadelphia ikauzwe, kitabu kimoja kimoja, na muuza vitabu Robert Bell. Hapo alikuwa mfanyabiashara zaidi kuliko msomaji, ingawa msomaji alikuwa. Alikuwa rafiki wa Jefferson, na pango lililokuwa kwenye ardhi yake limeingia katika maandishi ya Jefferson: unashuka futi 30 au 40 kama kisimani, kisha linalala chini ya ardhi futi 400, na kipimajoto kilichosoma nyuzi 50 za Farenhaiti nje kilipanda hadi 57 ndani. Nampenda Zane wa pango hilo.  Pesa za karatasi za wakati wa vita ziliporomoka mpaka zikakosa thamani, na aliyeiuzia serikali mizinga alishika makaratasi. Alifariki mwaka 1795 akiwa na miaka 52.

Sasa Kaimosi. Sheria ya 1782 ilipofungua njia, Marafiki wengi wa Virginia waliwaachia huru watumwa wao. Lakini waliendelea kuishi katikati ya nchi ya utumwa, na baada ya 1800 walianza kuhama, familia kwa familia na wakati mwingine karibu mkutano mzima, kuvuka milima kwenda Ohio na baadaye Indiana, ambako utumwa ulikuwa umepigwa marufuku tangu 1787. Wa Hopewell, majirani wa Zane, walikuwa miongoni mwao. Walifunga magari ya farasi, wakapakia magodoro na sufuria za chuma, wakaliacha bonde. Mikutano iliyochipuka huko Ohio na Indiana ndiyo iliyozaa misheni ya kwenu. Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson, waliofika Kaimosi Agosti 1902, walitumwa na shirika lenye kitovu chake Cleveland, Ohio, nalo katika jina lake halikujiita misheni tu. Lilijiita misheni ya viwanda. Moja ya kazi zao za mwanzo ilikuwa kuzuia maji ya mto ili yaendeshe kinu cha kupasua mbao. Kama shule yenu ya Jumapili ina benchi la zamani lililotoka Kaimosi, mwoneshe binti alama za msumeno upande wa chini.